Maji ya Jumapili

Mume wangu alipookoka, jambo la kwanza alilolifanya ni kung'oa misumari ya rafu yangu ya jikoni. Nilirudi kutoka mtoni nikakuta sufuria zimepangwa sakafuni na rafu imeegemezwa ukutani. Nikamwuliza kama ana wazimu. Akasema misumari ile ilikuwa ya karakana, aliichukua bila ruhusa, na sasa inarudi kwa mwenyewe. Akaongeza bolti kadhaa, spana, na kile kipande cha mkanda wa mashine tulichokuwa tukifungia banda la kuku, akatia vyote kwenye gunia, akaenda kuvimwaga mezani kwa Mzungu wake wa karakana.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini inaanza, na kwetu milimani Taita uamsho ulikuwa umewaka kweli kweli. Watu walirudisha majembe, walirudisha mbuzi, mmoja alirudisha mke. Lakini yule Mzungu hakuwa amewahi kuletewa mwizi na mwizi mwenyewe. Mume wangu alisema Mzungu aliliangalia lile gunia, kisha akamwambia arudi kazini. Baadaye akamwita. Serikali ilikuwa imechimba kisima cha mashine huko kaskazini, kupita Garissa, na kila fundi aliyepelekwa aliuza dizeli akaacha wanyama wa watu wakifa. Walitaka mtu asiyeiba.

Ndivyo misumari ya jikoni kwangu ilivyotupeleka jangwani.

Garissa, kabla hatujaendelea, mume wangu aliitwa ofisini. Afisa kijana, uso umeungua na jua, akamwambia kwamba nchi ile imefungwa kwa wahubiri. Watu wake ni Waislamu, serikali haitaki fujo. Kama anaomba, aombe nyumbani kwake, mlango umefungwa. Likisikika neno moja la dini nje ya nyumba, atarudi na lori lile lile lililomleta. Mume wangu akajibu ndiyo bwana, na mume wangu alikuwa mtu wa kushika neno mpaka linaumia. Tangu siku hiyo akawa watu wawili. Ndani ya nyumba alikuwa ndugu aliyeokoka, anaimba, analia, anashukuru. Akivuka kizingiti kwenda kwenye mashine anakuwa fundi tu, mdomo umefungwa kama mfuko wa unga.

Kituo chenyewe kilikuwa banda la injini la mabati, tangi juu ya nguzo, mabirika ya saruji ya kunyweshea wanyama, na chumba chetu, nacho cha mabati. Pande zote mchanga mwekundu na miiba. Mimi nilikulia mahali ambapo maji hupita mlangoni yakipiga kelele usiku kucha, na mama akitutuma kuchota tulilalamika kwa sababu ya ule mteremko wa hatua chache. Hapa niliona watu waliotembea siku kadhaa na ngamia wao ili wanywe, wakajaza vyombo vyao, wakageuka kurudi walikotoka. Nilisimama mlangoni nimeshika kiuno. Sikujua kwamba binadamu wanaishi hivyo, na hasira zikanipanda, sijui kwa nani.

Maji yenyewe yalikuwa na chumvi na ladha ya majivu. Sabuni haikutoa povu. Chai ilikuwa chungu hata uitie sukari kiasi gani.

Tulikuja na mtoto wa kiume aliyekuwa ameanza kutambaa. Akaanza kuhara kabla hatujamaliza hata kufungua mizigo. Lori lilikuwa limekwisha kuondoka, na jingine halikuwa karibu. Nilimpa maji yale yale kwa kijiko kwa sababu hayakuwapo mengine. Akafa mikononi mwangu asubuhi, jua likiwa tayari kali.

Wale wenyeji walikuja bila kuitwa. Mzee mmoja mrefu, ndevu zimetiwa hina, ambaye ndiye aliyegawa zamu za kunywesha na kila kabila dogo lilimsikiliza, alichukua koleo kutoka mkononi mwa mume wangu akachimba mwenyewe. Tulimzika mwanangu nyuma ya banda la injini, wakaweka mawe na ua wa miiba kuzuia fisi. Nilisimama nikingoja mume wangu aombe. Alikuwa ameshika kofia yake, na midomo yake haikusogea. Kando yetu alisimama askari wa serikali, mwenye kilemba chekundu, aliyewekwa pale kulinda kisima, na sote tulijua askari yule ndiye masikio ya ofisi ya Garissa. Wazee wa Kisomali waliinua mikono wakasoma dua yao. Baba wa mtoto alinyamaza. Kisha akarudi nyumbani, akafunga mlango, akaanguka kifudifudi akaomba kwa machozi kwa Mungu yule yule. Mimi sikuingia. Nilikaa nje kwenye jua nikimwambia kwa sauti, kupitia mabati, kwamba Mungu wa kufungiwa chumbani simtaki.

Lakini jambo moja nilimwambia akalikubali: tone la kisima kile halitaingia tena kinywani mwangu, wala kinywani mwa mtoto mwingine nitakayemzaa. Akapatana na dereva wa lori la dizeli, na tangu hapo kila lilipokuja lilituletea mapipa ya maji ya Mto Tana kutoka Garissa. Maji mekundu ya tope, tukayatuliza, tukayachemsha. Niliyaona matamu kuliko asali.

Binti yetu nilikwenda kumzalia Garissa, nikarudi naye mgongoni. Alikua kwa maji ya mapipa na kwa maziwa ya ngamia aliyoniletea kila asubuhi bibi mmoja mzee ambaye vibanda vya watu wake vilikuwa karibu. Bibi huyo alinifundisha Kisomali kidogo na mimi nikamsahihishia Kiswahili chake, ambamo p iligeuka f au b kama kwa wenzake wote, na wala hakikusahihika. Aliniita "hooyo", yaani mama, ingawa angeweza kunizaa mara mbili.

Mume wangu alisimamisha injini kila Jumamosi jioni na hakuigusa mpaka Jumatatu alfajiri. Hilo serikali ilimruhusu, Jumapili ni siku ya mapumziko ya watumishi wote. Kwake yeye haikuwa mapumziko. Ilikuwa kitu pekee cha imani yake ambacho kilionekana nje ya nyumba, kwa hiyo alikishika kwa meno. Jumapili hakugusa hata tambara la kufutia mafuta. Alivaa shati jeupe, tukafunga mlango, tukaimba kwa sauti ya chini mpaka jasho likatulowanisha ndani ya yale mabati.

Wenyeji walilitazama jambo hili kwa makini kuliko tulivyodhani. Walikuwa wamewaona mafundi waliotangulia. Huyu wetu hakuuza dizeli, hakulewa, na mtu akimletea mbuzi ili zamu yake isogezwe mbele, alimrudisha na mbuzi wake. Wakaamua kwamba ni wadaad, mtu wa dini. Kwao wadaad si mtu wa kuchezewa. Akikuombea mema unapata, lakini akikulaani, laana yake, habaar kama wanavyoiita, inafuata mifugo mpaka kwenye kizazi.

Ikatokea Jumapili moja mtu mgeni na ngamia wake alichoka kungoja. Sisi tukiwa ndani tunaimba, akaingia bandani, akazungusha hendeli, injini ikashika. Alinywesha akaondoka kabla mume wangu hajafika. Siku ile ile, njiani, ngamia wake kadhaa walianguka wakafa. Pengine walikuwa wamekaa mno bila maji kisha wakanywa kupita kiasi, pengine walikula mti mbaya. Habari ilienea mpaka Wajir. Mume wangu aliwaambia watu kwamba yeye hakumlaani mtu. Lakini alipokuwa akisema hivyo kulikuwa na katabasamu kadogo pembeni mwa mdomo wake, na mimi nilikaona. Tangu hapo, Jumapili hakuna mtu aliyethubutu hata kuegemea banda la injini.

Kisha ukaja mwaka ambao mvua hazikunyesha.

Mabwawa yalikauka, visima vya mbali vikawa matope, na watu wakaendelea kuja kwenye mashine yetu mpaka upeo wote ukawa migongo ya ngamia. Mume wangu aliiendesha injini kutoka giza mpaka giza. Katikati ya juma ikamfia. Kifaa fulani ndani yake kilipasuka, nacho hakitengenezeki kwa waya wala kwa maombi. Akatuma habari Garissa na gari la polisi lililokuwa likipita. Tukangoja. Tangi likakauka. Ngamia walilia ile sauti yao ya kukoroma, mchana kutwa, nikawa naisikia hata ninapoziba masikio. Mbuzi walinyamaza, na huko kunyamaza kwa mbuzi ndiko kulikonitia hofu zaidi. Bibi wa maziwa alikuja na kibuyu kitupu akanionyesha tu ndani.

Sisi tulikuwa na maji ya pipa. Nilimpa bibi kikombe. Akakishika, akanusa, akampa mjukuu aliyekuwa ubavuni mwake.

Lori lilifika Jumamosi jua likishuka. Lilileta kifaa, na lilileta mapipa yetu. Mume wangu alikifunga kile kifaa akiwa amepiga magoti kwenye mafuta, na alipokaza nati ya mwisho jua lilikuwa limekwisha kuzama. Sabato yake imeingia. Akafuta mikono, akaiangalia injini, akaja nyumbani. Sikuweza kula. Nilimtazama tu. Nilijua nikisema neno nitasema maneno ambayo hayatarudi.

Alfajiri aliamka akavaa kaki yake ya kazi. Shati jeupe lilibaki limening'inia kwenye msumari.

"Leo nawasha," akasema.

Nilishtuka, na nilifurahi mpaka nikataka kumkumbatia, jambo ambalo hatukuwa tukilifanya mchana. Nikamfunga mtoto mgongoni nikamfuata nje. Alizungusha hendeli mara ya kwanza ikagoma, ya pili ikakohoa, ya tatu ikashika. Bomba likatema kutu, likatema hewa, kisha maji yakaja mazima mazima, yakaanguka ndani ya birika la kwanza. Harufu ya maji ikawafikia wanyama. Nchi nzima ikainuka mara moja.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo mpaka leo nikilisimulia watu hudhani nimelitia chumvi. Wale wachungaji walisimama mbele ya wanyama wao wenyewe wakawapiga fimbo kuwarudisha nyuma. Ngamia ambaye hajanywa kwa siku hizo zote, ulimi umemkauka, anavutwa pua asikaribie maji yanayoanguka mbele yake. Wanaume walipiga kelele, watoto walining'inia kwenye kamba. Mbuzi mmoja alipenya, akakamatwa mguu akaburutwa. Maji yalijaza birika, yakafurika, yakaanza kumwagika mchangani, na hakuna aliyeinama kuyanywa. Nilidhani wote wamepata wazimu wa kiu.

Mzee wa zamu akaja mpaka bandani. Alitembea taratibu, midomo imepasuka.

"Fundi," akasema, "leo ni siku yako. Funga mashini."

"Mzee, leo nimefungua mimi mwenyewe," mume wangu akajibu. "Wanyama wanakufa. Mungu wangu hawezi kukasirika watu wakinywa."

"Hayo ni maneno. Yule mtu wa ngamia alikunywa maji ya siku yako. Ngamia ilikufa. Sisi sote tuliona."

"Sikumlaani. Wallahi sikumlaani." Mume wangu aliapa kwa kiapo chao, jambo ambalo sikuwa nimemsikia akilifanya.

Mzee akageuza macho kwangu, akayarudisha kwake.

"Mimi nimekaa hafa siku nyingi, naangalia wewe," akasema. "Wewe habana iba. Habana lewa. Uko mtu ya Mungu, mimi najua. Lakini maji hii wewe habana kunywa. Mama hii habana kunywa. Mtoto yako habana kunywa. Maji yenu inatoka Garissa na lori. Sasa wewe niambie. Wadaad anatoa maji kwa watu, yeye hataki hata kuonja. Yeye anajua nini?"

Nilidhani yale mapipa ni siri ya jikoni kwangu, mambo ya mama aliyefiwa anayelinda alichobakiwa nacho. Kumbe kwa muda wote ule nchi nzima ilikuwa ikiyatazama yakishushwa kwenye lori, na kila pipa lilikuwa mahubiri. Lilisema: maji haya ni yenu, si yetu. Injini ilikuwa ikidunda nyuma yetu na maji yakiendelea kupotea mchangani.

Akainama kwenye birika, akateka kwa viganja viwili, akanywa. Akateka tena akanywa mpaka kifua cha kaki kikalowa. Watu wa karibu wakaonekana kulegea, lakini mzee hakusogea.

"Fisuri," akasema. "Sasa omba juu ya maji. Hafa. Kwa Mungu yako, tusikie. Wewe ulifunga kwa Mungu, fungua kwa Mungu."

Nilimwona mume wangu akigeuza shingo kidogo. Alikuwa akimtafuta askari wa kilemba chekundu, na askari alikuwepo, amesimama na bunduki yake, anatazama. Nikaijua ile sura ya mume wangu. Ndiyo sura aliyokuwa nayo kaburini. Nikasema moyoni, huyu atanyamaza tena, na akinyamaza leo mimi napanda lori na mtoto wangu, na sitageuka.

Akavua kofia. Mikono yake ilikuwa na mafuta mpaka viwiko.

"Baba," akaanza, na sauti ikamkatika. Akaanza tena. "Baba, maji haya uliyaweka wewe chini ya mawe kabla yetu sisi wote. Mimi nayavuta tu. Kama niliyafunga nisipopaswa, wewe yafungue. Wanyweshe hawa, na watoto wao, na wanyama wao." Akanyamaza, nikadhani amemaliza. "Na mwanangu aliyelala hapo nyuma. Sikumwombea siku ile. Namwombea leo."

Ikapita sauti moja kutoka kwa wale watu, ya chini, kama ngozi inayovutwa: amiin. Na aliyeisema karibu nami kabisa alikuwa ni yule askari. Baadaye niligundua kwamba ngamia wa kaka yake walikuwa katika zamu ya pili.

Mimi nilikuwa nalia wazi wazi, sijali. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini fimbo ya mzee ilikuwa bado imeinuliwa, na wote walikuwa wakiitazama fimbo ile.

"Bado mtoto," akasema.

"Mtoto gani?" nikauliza, ingawa mtoto alikuwa mgongoni kwangu akivuta nywele zangu.

"Hii. Anywe. Mtu anaweza kula sumu kwa sababu ya aibu. Mtoto yake hawezi kumba sumu."

Nikasema la. Nilisema kwa sauti kubwa, mbele ya wanaume, mbele ya mume wangu, na nikanyoosha mkono kuonyesha kule nyuma ya banda. Nikamwambia mzee kwamba mtoto wangu wa kwanza alikunywa maji haya na yuko kule chini ya mawe, na kama anataka wa pili basi aanze kuchimba.

"Mimi ndiye nilichimba," mzee akasema. Hakusema kwa ukali. "Mimi nimechimba kaburi ya watoto yangu fia. Hatuna maji ingine, mama."

Nilimgeukia mume wangu, naye alikuwa akinitazama kama mtu ambaye hana haki ya kuniomba kitu, na kweli hakuwa nayo. Nikashika kingo za kanga iliyomfunga mtoto nikaikaza. Mbuzi walikuwa wakianguka. Niliwaona wakipiga magoti mmoja mmoja, na nilichukia kila mtu aliyekuwa pale, na nilimchukia Mungu aliyeletewa ombi zuri vile akaona halitoshi mpaka nimwongezee binti yangu.

Yule bibi wa maziwa akapenya kati ya wanaume. Akaja mpaka kwangu akaushika mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia ubavuni.

"Hooyo," akasema, "maziwa ya kila asubuhi, nani anakunywa?"

"Huyu."

"Ngamia yangu inakunywa wafi? Inakwenda Garissa?"

Nikamtazama.

"Inakunywa hafa," akasema. "Maji hii imefita kwa ngamia, imeingia kwa mtoto. Tangu amefata meno. Yeye ni mtoto ya maji hii siku nyingi. Wewe tu hujui."

Nimewahi kusikia mahubiri mengi maishani, mengine ya watu waliosomea. Hakuna yaliyonipiga kama hayo. Nikaona mapipa yote niliyoyapanga ukutani, yote niliyoyachemsha na kuyachuja kwa kitambaa cheupe, na kila asubuhi nikipokea kile kibuyu kwa shukrani na kumnywesha mwanangu kisima kile kile. Tulikuwa tumewanywa watu hawa muda wote. Tulichokataa ni kunywa pamoja nao.

Nikamshusha mtoto. Nikapiga magoti kwenye matope ya birika, nikateka kwa kiganja, nikanywa mimi kwanza. Ilikuwa ni ile ladha ya majivu, na pamoja nayo ikaja siku ile yote, kijiko, jua, mikono yangu. Nikateka tena nikamwekea mtoto mdomoni. Alikunywa. Alikunja uso wote mpaka macho yakapotea, akapiga chafya, kisha akauvuta mkono wangu kwa mikono yake miwili akataka tena.

Mzee akashusha fimbo.

Sitasahau sauti iliyofuata. Haikuwa ya shangwe, hakuna aliyepiga kelele. Ilikuwa ni sauti ya kunywa tu, maelfu ya midomo, na injini ikidunda. Nilimbeba mtoto nikaenda kukaa kwenye ua wa miiba nyuma ya banda, nikakaa hapo mpaka mchana. Jumapili hiyo hatukuimba.

Mtoto aliharisha, ndiyo. Niliketi naye nikihesabu pumzi zake na nikimtukana mume wangu kila alipochungulia. Halafu akapona, akaomba chakula. Sijui kwa nini huyu alipona na yule hakupona. Nimemwuliza Mungu mara nyingi na bado namwuliza.

Askari hakupeleka neno Garissa, au kama alipeleka hatukusikia. Lori lilipokuja tena, nilimwambia dereva ayarudishe mapipa yake. Akaniuliza kama nimepata kichaa cha jangwa. Nikamwambia pengine. Tangu hapo nilichemsha maji ya kisima na kuyanywa, na kila mtu aliona ninayateka kwenye birika kama wao, nikingoja zamu. Mume wangu naye akawa mtu mmoja. Kila alfajiri alivua kofia mbele ya injini akaomba kwa sauti, maneno machache, na wale waliokuwa wakingoja wakaitikia ndipo akazungusha hendeli. Jumapili pia, kama kuna aliyefikiwa na zamu. Alisema ibada yake iko birikani. Mimi ndiye niliyepoteza mtu wa kuimba naye, na nilimwambia hivyo mara nyingi.

Tulikaa pale mpaka binti yetu akang'oka meno ya utoto. Yale ya ukubwani yalipotoka, yalitoka na rangi ya kahawia, na mistari, kama ya kila mtoto wa kisima kile. Mara ya kwanza kuyaona nilishtuka nikachukua mkaa nikamsugua mpaka akalia. Hayakutoka. Ni kazi ya yale maji, yanaingia kwenye jino likiwa bado ndani.

Mume wangu alipohamishwa tuliteremka hadi Garissa kungoja lori la kwenda Mombasa. Sokoni nikamwendea mama mmoja mwuza maziwa ambaye hakuwa amewahi kuniona. Aliitazama kanga yangu, alimtazama mume wangu na kofia yake ya serikali, akanitajia bei kwa Kiswahili kikavu cha kuuzia wageni. Binti yangu akaona mwana wa ngamia anakimbia kati ya watu, akacheka. Yule mama akageuka. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaangalia meno yake kwa muda, kisha akachukua kikombe akakijaza mpaka juu akampa. Akanigeukia, na sasa alisema kwa Kisomali. Aliuliza kile wanachoulizana wao wakikutana njiani, kabla hawajaulizana jambo jingine lolote: kisima chenu ni kipi.

Nikamwambia.